Kuupaka ubongo rangi: kumbukumbu ya mradi, karatasi ya 1 hadi ya 11

Mradi una karatasi 16 za A4. Kila karatasi ina mchoro mmoja wa ubongo wa mtu mzima, mistari mitupu bila rangi wala majina. Hadi sasa 11 zimekamilika. Lengo ni kwamba mwanafunzi wa uuguzi au wa utabibu, au yeyote anayeupenda ubongo, apewe mkato wowote na ataje kilichomo bila kuchungulia. Ugumu uko kwenye hayo maneno mawili, "mkato wowote". Kupaka rangi upande wa nje wa ubongo hata mtoto wa darasa la nne anaweza. Kukitambua kitu kilekile baada ya kukatwa kwa njia nyingine na kubadilika sura ni kazi ya siku nyingi.

Vifaa

Penseli za rangi 12 za kawaida, kichongeo kizuri, kalamu nyeusi ya ncha ya mm 0.3 na karatasi ya gramu 120. Karatasi ya kopi ya gramu 80 inatosha kwa marudio, lakini kwenye kazi yenyewe inachubuka ukifika tabaka la tatu la rangi. Kalamu za felti zimeondolewa kabisa. Wino wake unapenya upande wa pili, na zile za spiriti huyeyusha tona (wino wa unga wa printa ya leza) ya mistari, kwa hiyo mpaka mwembamba kati ya thalamasi, kile kiini cha kijivu katikati ya ubongo, na jirani yake unageuka ukungu. Michoro ichapwe kwa printa ya leza, kwa kuwa printa ya wino hutoa mistari inayotapakaa ikiguswa na kidole chenye jasho.

Paka kwa viduara vidogo, mkono mwepesi, tabaka mbili. Ukikandamiza, nta ya penseli inaifanya karatasi ing'ae, na kalamu haiandiki tena jina juu yake. Chonga penseli kila baada ya kiungo kimoja, kwa sababu baadhi ya sehemu kwenye mchoro zina upana wa mm 3 tu.

Rangi ni ya kiungo, si ya karatasi

Toleo la kwanza la karatasi nne za mwanzo limetupwa kwa kosa hili. Lobu ya mbele, yaani sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya paji, ilipakwa nyekundu kwa sababu inapendeza. Zilipofika karatasi za ateri, nyekundu ikawa imeshachukuliwa, na ateri zilizopita juu ya lobu ya mbele hazikuonekana. Sasa jedwali la rangi linaandikwa kabla ya penseli kugusa karatasi yoyote, na halibadiliki hadi karatasi ya 16.

Nyekundu ni ya ateri peke yake. Samawati ni ya ventrikali, yaani vyumba vyenye ugiligili, maji ya ubongo. Kaudeti na putameni ni viini vya kijivu vilivyo ndani ya ubongo: kaudeti ni rangi ya machungwa iliyokolea na putameni ni machungwa hafifu, kwa kuwa hizi mbili ni ndugu: zinaungana kwa madaraja membamba ya kijivu na zinafanya kazi pamoja. Globasi palidasi, kiini kilicho upande wa ndani wa putameni, ni njano hafifu, na jina lenyewe kwa Kilatini linataja weupe wa kupauka. Thalamasi ni kijani kilichokolea, haipothalamasi iliyo chini yake ni kijani hafifu. Lobu ya panja ni zambarau hafifu, na hipokampasi iliyojificha ndani yake ni zambarau iliyokolea. Anayeona zambarau kwenye mkato wowote anajua yuko panjani.

Sehemu nyeupe, yaani nyuzi zinazounganisha eneo na eneo, hazipakwi kitu. Wanaoanza huona nafasi tupu wakadhani kazi haijaisha, wakajaza. Mwaka 1873 tabibu Mwitaliano Camillo Golgi aligundua namna ya kutia seli za neva weusi kwa chumvi ya fedha, na ubora wa dawa ile ulikuwa kwamba ilishika seli chache tu. Kama ingezishika zote, kipande kizima kingekuwa doa jeusi. Mhispania Santiago Ramón y Cajal alizichora seli hizo moja moja, na wote wawili wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1906. Karatasi ya rangi inafuata kanuni hiyohiyo: viungo 7 au 8 kwa karatasi, vingine vyote vibaki vyeupe.

Karatasi ya 1 hadi ya 4: nje na mkato wa katikati

Kiswahili kinatusaidia hapa kuliko watu wanavyodhani. Lobu nne za nje zimepewa majina ya mifupa ya fuvu iliyo juu yake, na kila Mswahili ana majina ya sehemu hizo za kichwa tangu utotoni: paji, utosi, panja, kisogo. Weka kidole kwenye paji, taja lobu, ndipo ushike penseli. Ukianza na rangi halafu jina, mkono unajifunza na kichwa kinalala.

Uso wa ubongo ni kama shamba la viazi: matuta na mifereji. Gamba la kijivu lina unene wa mm 2 hadi 4 tu, na karibu theluthi mbili yake imejificha ndani ya mifereji. Kwa hiyo kwenye mkato, rangi ya gamba lazima ishuke mferejini, ipite chini na kupanda upande wa pili bila kukatika. Kosa lililojitokeza mara nyingi ni kupaka vilele vya matuta na kuacha mabonde.

Mfereji wa kati ndio unaotenga lobu ya mbele na ya utosi, na ndio unaokosewa zaidi, maana mifereji mitatu jirani inafanana. Usiutafute kwa upande wa nje. Anza na mkato wa katikati: kuna mfereji unaofuata mgongo wa kopasi kalosamu, lile daraja nene la nyuzi linalounganisha nusu mbili. Mfereji huo kwa nyuma unapinda na kupanda hadi ukingo wa juu. Mbele kidogo ya pale unapotokea ndipo mfereji wa kati unapoingia. Weka alama ukingoni, kisha hamia upande wa nje. Hakikisha kwa kuutazama ubongo kutoka juu: tuta lililo mbele ya mfereji wa kati lina kinundu kinachosukuma kurudi nyuma, kama omega iliyopinduliwa. Hilo ni eneo la kuendesha mkono.

Mpaka wa utosi na kisogo kwa nje hauna mfereji kamili. Ni mstari wa kufikirika, basi uchorwe kwa nukta, wala usitafute mfereji wa kuulazimisha.

Karatasi ya 5 hadi ya 7: kaudeti

Karatasi hizi tatu zimechukua muda kuliko nyingine zote, na zimestahili. Kaudeti ina kichwa kinene mbele, mwili unaopungua kuelekea nyuma juu ya thalamasi, na mkia unaoteremka na kurudi mbele ndani ya lobu ya panja hadi karibu na amigdala, kiini kidogo chenye umbo la lozi. Ukiitazama kwa ubavu ni herufi C, mdomo ukielekea mbele. Inaifuata ventrikali ya pembeni, nayo pia ina umbo la C.

Sasa kata wima kutoka kulia hadi kushoto, kama unavyokata mkate, usawa wa thalamasi. Kisu kinapita kwenye C mara mbili. Kwa hiyo kila upande una kaudeti mbili: mwili, juu pembeni mwa thalamasi, na mkia, kidoti kidogo chini kwenye panja. Kila aliyepaka karatasi ya 6 kwa mara ya kwanza alipaka kile cha juu na kukiacha kidoti, au alikipa rangi nyingine akidhani ni kiungo kipya. Namna ya kukipata: tafuta pembe ya chini ya ventrikali, kitobo chembamba ndani ya panja. Sakafuni mwake ni hipokampasi, darini ni mkia wa kaudeti. Zambarau chini, samawati katikati, machungwa juu.

Maelezo ya maneno hayakutosha, ndipo unga ulipoingia. Kanda gramu 200 za unga wa ngano kwa maji kama ml 110, uwe mgumu kidogo kuliko wa chapati. Kanda pembeni gramu 50 zilizotiwa kijiko kidogo cha bizari ya manjano. Acha dakika 20, maana usipopumzika donge linajirudi na C inafunguka. Viringisha ule wa njano, ambao ndio kaudeti, uwe mnene ncha moja na mwembamba nyingine, ukunje C huku ncha nene ikiwa juu, na mkia ukomee nyuma kidogo ya usawa wa kichwa. Funika kwa unga mweupe pande zote. Kisu kipakwe mafuta, kisha kata vipande vya sm 1 kuanzia mbele. Vipande vya kwanza vina doa moja kubwa, vya katikati vina madoa mawili, la juu na la chini, na cha nyuma kabisa kina mstari mmoja mrefu wa wima. Panga vipande mezani kwa zamu kisha rudia karatasi ya 6.

Kati ya kaudeti na thalamasi kwa ndani, na putameni kwa nje, inapita kapsuli ya ndani, tita la nyuzi nyeupe. Kwenye mkato wa mlalo ina umbo la V, kona ikielekea katikati. Haipakwi. Izungushie mstari mweusi tu.

Karatasi ya 8

Ventrikali. Rahisi. Ugiligili wote ni kama ml 150, na kwa siku hutengenezwa kama ml 500, kwa hiyo chora mishale ya mkondo: ventrikali mbili za pembeni, ya tatu, mfereji mwembamba wa ubongo wa kati, ya nne, kisha nje. Mfereji huo mwembamba ukiziba, maji hujaa nyuma yake. Ni moja ya sababu za watoto kuzaliwa na kichwa kikubwa.

Karatasi ya 9 hadi ya 11: ateri

Himaya ya ateri, yaani eneo ambalo kila ateri hulilisha damu, hupakwa kwa vistari vyembamba vya mlazo, visijazwe, ili rangi ya lobu ionekane chini yake. Ateri ya kati inashika sehemu kubwa ya upande wa nje. Ateri ya mbele inashika upande wa ndani hadi nyuma ya utosi, na ya nyuma inashika kisogo na chini ya panja. Juu ya hizo andika sehemu za mwili kwenye tuta la mbele ya mfereji wa kati: uso chini, mkono juu yake, kiwiliwili karibu na ukingo, na mguu umevuka ukingo ukaingia upande wa ndani. Ukimaliza unaona mwenyewe kwa nini kiharusi cha ateri ya mbele hudhoofisha mguu kuliko mkono, na cha ateri ya kati hupiga uso na mkono zaidi.

Matawi madogo ya ateri ya kati yanayopanda hadi putameni na kapsuli ya ndani yachorwe kwa penseli iliyochongwa upya. Hayo ndiyo hupasuka sana kwa wenye shinikizo la damu la muda mrefu.

Karatasi ya 11 ni duara la ateri chini ya ubongo, ambalo tabibu Mwingereza Thomas Willis alilieleza mwaka 1664 kwa michoro ya Christopher Wren, yule aliyesanifu kanisa kuu la St Paul's, London. Angalizo: ateri ya kati inatokea pale pale lakini si sehemu ya duara, basi vistari vyake viishie mlangoni.

Marudio

Kila karatasi inachukua dakika 40: 10 za kutaja majina kwa sauti, 20 za rangi, 10 za kufunika na kuandika upya. Kopi tupu inarudiwa baada ya siku 1, 3 na 7, kwa kalamu nyeusi tu. Jina likikosekana, paka kiungo hicho peke yake kwenye mikato yote mitatu: wa katikati, wa wima na wa mlalo.

Zilizobaki

Shina la ubongo na neva za fuvu ni karatasi ya 12 hadi ya 14. Mpangilio wa neva umeshaamuliwa: ya 3 na ya 4 kwenye ubongo wa kati (sehemu ya juu ya shina), ya 5 kwenye ponsi (sehemu ya katikati), ya 6, 7 na 8 kwenye ufa kati ya ponsi na medula, ya 9, 10 na 12 kwenye medula (sehemu ya chini). Ya 4 inatokea mgongoni mwa shina, kwa hiyo mchoro wa mbele pekee hautoshi. Karatasi ya 12 inachorwa upya kwa pande mbili.