Kitovu kwenye tangi

Mume wangu kaleta kipeperushi kutoka kliniki tunayohudhuria hapa Dubai: eti tuhifadhi kitovu cha mtoto kwa miaka 25, na malipo ni kwa mafungu. Nina mimba ya miezi minane na mgongo unaniuma, lakini nilikisoma chote.

Kitovu kina mishipa mitatu, imezungukwa na ute mzito unaoteleza kama nyama ya dafu changa. Seli shina zinazouzwa habari zake, yaani seli changa zinazoweza kuzaa seli za aina nyingine, zimo humo. Maabara hukatakata vipande, kisha huvigandisha kwenye naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri. Hapo sina ugomvi nao.

Kinachonikera ni kuchanganya mambo. Damu ya kitovu ndiyo yenye rekodi ya kutibu: mwaka 1988, jijini Paris, daktari Eliane Gluckman na wenzake walimpandikizia mtoto mwenye anemia ya Fanconi, ugonjwa wa kurithi unaoharibu uboho, damu ya kitovu cha mdogo wake. Ute wenyewe, kwa sehemu kubwa, bado uko kwenye majaribio. Halafu ukoo wetu una selimundu, na kipeperushi hakisemi kwamba mtoto akizaliwa nayo, seli zake mwenyewe hazitamponya, maana zimebeba kasoro ile ile. Za ndugu yake mzima anayelingana naye, hapo sawa, tungezungumza.

Nimemwambia mume wangu, "Baba Zuhura, pesa hizo tumkatie mama tiketi aje kunikanda." Kacheka, kakubali. Mama huko Mombasa keshaanza kuulizia nani atamwangalizia kuku.