Kuwatafuta vijana wanne wasiosema

Dola 140! Zaidi ya shilingi 18,000 za kwetu, kwa chumba ambacho kiyoyozi chake kilinguruma usiku kucha kama mashine ya posho. Chai ya asubuhi ilikuwa maji ya moto na kifuko chenye uzi. Nilijilaumu, kwa sababu hakuna aliyenituma Mount Airy, mji mdogo wa North Carolina, Marekani.

Wa kulaumiwa ni shemeji. Yeye na dada wanaishi Charlotte, jimbo hilohilo, na kila jioni akitoka kazini lazima atazame The Andy Griffith Show, kichekesho cha runinga cha kuanzia 1960 hadi 1968, kuhusu polisi wa mji mdogo wa Mayberry asiyebeba hata bastola. Wiki ya kwanza nilikuwa nasinzia tu. Wiki ya pili wakatokea akina Darling.

Baba mtu, Briscoe, anateremka na familia yake kutoka milimani. Lori linachemka, naye anavua kofia, anachota maji ya kunyweshea farasi na kumimina kwenye rejeta. Wanawe wanne wamekaa, nyuso kama magogo. Hawasemi. Wanaulizwa swali, wanatazama tu. Baba akitaja wimbo wenye jina la kipuuzi kabisa, binti yake Charlene anasema huo usipigwe, unamliza. Unacheka. Kisha mmoja wa wale magogo anashika banjo, ala ya nyuzi kama gitaa lakini tumbo lake limewambwa ngozi kama ngoma, vidole vinaanza kukimbia, na kicheko kinakukauka mdomoni. Mimi nilisimama kabisa.

Kumbe walikuwa bendi ya kweli, The Dillards, wa kutoka Salem, Missouri. Doug Dillard kwenye banjo, nduguye Rodney gitaa, Dean Webb mandolini, Mitch Jayne besi. Walitokea kwenye kichekesho hicho mara kadhaa kuanzia 1963. Kinachonichekesha zaidi ni huyo Mitch: jukwaani ndiye aliyekuwa msemaji wa bendi, bingwa wa kupiga soga kati ya nyimbo. Runingani wakamfunga mdomo.

Basi nikafunga safari. Andy Griffith mwenyewe alizaliwa Mount Airy mwaka 1926, karibu na mpaka wa Virginia, na siku hizi mji mzima umejivika Mayberry. Magari ya polisi ya zamani yanazungusha wageni kwa malipo. Nililipa. Nilipomuuliza dereva lori la akina Darling lilichemkia mtaa gani, alinitazama kwa huruma. "Hapa haikupigwa hata picha moja. Yote ni California."

Nusu ya dunia, visa, ndege mbili, na kitu chenyewe kilikuwa California!

Mvua ikaniingiza Earle, ukumbi wa zamani wa sinema. Jumamosi redio ya WPAQ hurusha kutoka hapo muziki wa wenyeji moja kwa moja, kipindi kilichoanza pamoja na redio yenyewe mwaka 1948. Kabla ya kipindi watu walikuwa wameketi duara, kila mtu na ala yake, bila kiongozi. Nikakaa nyuma. Mzee mmoja mwenye banjo akaniashiria nisogee, nami nikasogea. Nikamwambia ninapenda blugrasi, ule muziki wa nyuzi wa kasi niliousikia kwa akina Darling.

"Hii si blugrasi," akasema. Hakukasirika, alinionyesha. Blugrasi ni ile ya mpiga banjo Earl Scruggs, naye pia mtu wa North Carolina: vidole vitatu vimevishwa kucha za bandia, noti zinamiminika kama mvua ya mawe. Ndivyo alivyopiga Doug runingani. Wao pale wanapiga ya kale zaidi: mgongo wa ukucha unashuka juu ya nyuzi, kidole gumba kinarudi kugusa uzi wa tano, ule mfupi. Banjo na fidla vinakwenda bega kwa bega, hakuna anayejitokeza kuwaringia wenzake. Nikaambiwa Tommy Jarrell, mpiga fidla aliyewafundisha wengi mtindo huo, alikuwa jirani tu.

Kisha akaniuliza nimetoka wapi. Kenya. Akaigonga ngozi ya banjo. "Hii imetoka kwenu." Nikamweleza kwamba waliovuka na ala hiyo katika utumwa walitoka upande wa Senegal na Gambia, mbali na Mombasa kuliko alivyodhani. "Bado ni karibu kuliko kwangu," akanijibu.

Nikamtajia akina Darling. Hapo akaacha kupiga. Alisema baba yake hakukipenda kichekesho kile. Watu wa milimani kuchekwa kila siku, ati hawana viatu, hawajui kusema, nani apendezwe? Lakini vijana wale wakichukua ala, baba aliinua mkono na nyumba nzima ikanyamaza. Muziki ukiisha, anazima runinga. Hakutaka kujua hadithi ilivyoishia.

Mimi ni Mgiriama wa Kaloleni. Tangu utotoni nimeona vichekesho vyetu: mlinzi lazima awe na lafudhi nzito ya bara, na Mgiriama akitokea basi ni mganga au mlevi wa mnazi. Nilicheka na wenzangu shuleni, tena kwa nguvu kuwashinda. Babu yangu alikuwa anapiga bung'o, hiyo zumari yetu, na kijiji kizima kilimfuata. Sikumbuki hata mara moja kumwona mtu kama yeye runingani akiachiwa dakika mbili apige tu.

Mzee akataka kujua ngoma zetu. Kayamba sikuwa nayo, nikagonga mdundo wake kwenye kasha la banjo. Akajaribu kuufuata, tukapotezana, tukaanza upya, tukapotezana tena. Mama wa besi alicheka mpaka akafuta machozi. Mara ya nne tulishikana, labda kwa nusu dakika, halafu watu wa redio wakaomba nafasi yao.

Ya njiani sina la kusimulia, isipokuwa kahawa ya dola 6. Jioni ile Charlotte nilimwomba shemeji aweke ile ya mwanzo ya akina Darling, ya 1963. Lori likachemka, kofia ikachota maji, dada akaangua kicheko na kuanza kunisimulia kisa cha kazini.

"Dada," nikamwambia, mkono juu. "Subiri kidogo. Wanashika ala."