Mashindano ya Wanafunzi Nansio
Jumamosi nilipanda meli kutoka Mwanza hadi Nansio, Ukerewe, kuwashuhudia wanafunzi wa sekondari wakishindana katika mdahalo, chemsha bongo na maigizo. Chemsha bongo ilisisimua, hasa maswali ya hisabati, lakini lililonigusa zaidi ni igizo kuhusu uvuvi haramu, ambamo binti aliyeigiza mchuuzi wa dagaa alikunjua kokoro, wavu haramu wa kukokota, jukwaani, akachambua sangara wachanga wa kuigiza waliotengenezwa kwa maboksi, kisha akawauliza wazee waliokaa mbele watoto wao watavua nini. Mzee mmoja alisimama akamjibu kwa Kikerewe, naye binti, bila kutetereka, akaendeleza mazungumzo kwa lugha hiyohiyo. Kipaji cha namna hiyo kinastahili ukumbi wa kudumu na walimu wa sanaa hapohapo kisiwani.