Siku Moja Maishani Mwangu: Kabla ya Mtu Kupanda Mti

Mwezi wa Oktoba hapa Lubumbashi hautupi usingizi. Mijakaranda imemwaga maua yake ya zambarau barabarani, joto limepanda, na upepo unaotangulia mvua za Novemba umeanza kutikisa matawi ambayo wenye nyumba hawakuyatazama tangu mvua za mwaka jana zilipokatika. Ndipo kila mtu anapokumbuka kwamba kuna tawi juu ya bati lake. Mimi ni binti wa fundi mitambo wa Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, na kwa miaka tisa sasa naendesha kazi ya kutunza na kukata miti nikiwa na watu sita. Mimi mwenyewe sipandi juu. Kazi yangu iko chini, kwenye kamba, mashine na maneno ya wateja, na siku ya jana, Alhamisi, inatosha kuonyesha ilivyo.

Saa kumi na moja alfajiri nilikuwa uani nikichanganya petroli kwa mwanga wa taa ya simu. Msumeno wa mnyororo, ambao sisi huuita tronsonezi, hauna mahali pa kuwekea oili ya injini. Oili huchanganywa ndani ya petroli, mililita 20 kwa kila lita, nami simwachii mtu mwingine kazi hiyo. Miaka miwili iliyopita kijana mmoja, kwa haraka ya asubuhi, alijaza petroli tupu. Mashine ilikata kwa muda mfupi, ikalia kwa sauti nyembamba, kisha ikakwama, na nilipoifungua nikakuta pistoni ina mikwaruzo kama uso wa mtu aliyepigana na paka. Sikumfukuza, lakini tangu siku hiyo dumu la petroli linalala chumbani kwangu, jambo ambalo mume wangu hajalizoea.

Saa kumi na mbili na nusu walifika vijana wawili wanaotafuta kazi ya kupanda. Uani kwangu kuna mparachichi mkubwa ambao ndio ofisi yangu ya kuajiri. Niliwaonyesha kamba, mkanda wa kupandia na helmeti, nikawaambia kwamba nataka kila mmoja afike kwenye panda ya tatu na kurudi. Wa kwanza alivua viatu na kupaa kabla sijamaliza kusema. Alifika juu haraka kuliko mpandaji yeyote niliyewahi kumwona, akanipungia mkono akiwa hajafunga chochote kiunoni. Wa pili aliuzunguka mti mara mbili akiangalia juu, akagonga shina kwa ngumi, akaniuliza: «Mama, hili tawi kavu la upande wa choo tunalijua?» Kisha akaikagua kamba kwa kuipitisha polepole kiganjani.

Kupanda kwenyewe ni jambo dogo, kwa kuwa mtoto yeyote aliyekulia penye miembe anaweza kupanda. Kinachonisumbua ni kile mtu anachofanya akiwa amechoka, jua linawaka, na mkononi ana mashine inayokata kamba kwa urahisi uleule inavyokata tawi. Kwa sababu hiyo huwafundisha wote kuning'inia kwanza mita moja tu kutoka ardhini, wafunge fundo la kujikaza, lile linaloshika kamba linapobeba uzito na kuteleza linapolegezwa, kisha wafunge na kamba fupi ya pili kuzunguka tawi kabla ya kuwasha msumeno, ili kamba moja ikikatwa nyingine ibaki. Wa pili alifunga fundo hilo vibaya mara tatu, akalifungua kila mara bila kuambiwa. Nilimchukua kwa majaribio. Wa kwanza nilimwambia kwamba ataanza na timu ya chini, ya kushika kamba na kuondoa matawi. Alikunja uso, akasema kuwa yeye ni mtu wa juu. Nikamjibu: «Mwanangu, wa juu anaishi kwa mikono ya wa chini.» Alinyamaza, lakini alipanda gari pamoja nasi.

Saa mbili na nusu tulikuwa Bel-Air, kwenye mwembe ulioegemea paa la nyumba. Mwenye nyumba, mzee mmoja mstaafu, alitaka tuukate kichwa chote, «ubaki kama kisiki chenye mikono,» kwa maneno yake. Nilisimama naye chini ya mti nikamweleza kwamba mti uliokatwa kichwa huchipua kwa hasira, machipukizi mengi kwa mara moja, nayo hushikilia juu juu tu kwenye ganda, kwa hiyo baada ya miaka michache atakuwa na matawi marefu na dhaifu kuliko haya anayoyaogopa. Tena maembe hutoka kwenye ncha za matawi, na madogo yalikuwa yameshaning'inia. Hoja ya maembe ndiyo iliyomshinda. Tulikubaliana kutoa matawi matatu yanayolala juu ya bati na mengine makavu ya ndani.

Tawi zito halikatwi kwa mkato mmoja. Mpandaji wangu mkubwa hukata kwanza kutoka chini, hatua moja mbali na shina, hadi kama theluthi ya unene. Kisha hukata kutoka juu, mbele kidogo ya mkato ule, na tawi hudondoka bila kuchana ganda la shina. Kisiki kinachobaki ndicho hukatwa mwisho, nje kidogo ya ule uvimbe ambapo tawi linaungana na shina, kwa maana uvimbe huo ndio utakaofunga kidonda. Mzee aliuliza tutapaka nini juu ya kidonda, oili chafu au rangi. Nilimwambia hatupaki kitu. Mti hujifunga wenyewe kwa ganda jipya, ukiachwa. Hakuamini, na nadhani jioni alipaka.

Saa tano hivi, tawi la pili likiwa nusu, msumeno mdogo wa juu ulianza kuzimika. Ulikuwa unawaka, unanguruma vizuri ukiachwa, lakini ukivutwa gesi unafifia na kufa. Niliwaambia waushushe kwa kamba. Hapa ndipo baba yangu hunirudia kichwani: alinifundisha kutobadilisha kitu kabla ya kusoma mashine. Niliifungulia nyuma ya gari. Plagi, ile inayotoa cheche, ilikuwa na weupe kwenye ncha badala ya kahawia ya chai ya maziwa, maana yake injini ilikuwa inakula hewa nyingi na petroli kidogo. Chujio la petroli ndani ya tangi lilikuwa safi. Nikafungua kabureta, inayochanganya petroli na hewa, na pale chini ya kifuniko nikaukuta ule utando mwembamba unaovuta petroli kwa kucheza juu na chini. Unapaswa kuwa laini kama ngozi ya kope. Huu ulikuwa umekakamaa, na nilipoubonyeza kwa kidole ulitoa mlio kama karatasi. Vipuri halisi hatuvipati kila siku, na vya bandia vinavyouzwa mjini havidumu, kwa hiyo mashine zilizokufa sizitupi. Nilikuwa na utando mzima kutoka kwenye ile iliyokwama pistoni. Baada ya dakika arobaini tronsonezi ililia tena, na kijana wa kwanza, ambaye alikuwa amesimama muda wote akiangalia, aliniuliza kwa nini plagi nyeupe ni mbaya.

Tulikula bukari, yaani ugali, na sombe ya majani ya muhogo kivulini, haraka.

Saa nane mchana nilikwenda peke yangu kukagua kazi nyingine: mjakaranda kando ya barabara, mzee, wenye tawi lililolala karibu na nyaya za umeme. Miti hii ilitoka Amerika ya Kusini na ikapandwa na Wabelgiji katika mji walioanzisha mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville. Watu wa hapa huipenda kwa maua na kuilaani kwa takataka. Niligonga shina kwa nyundo ya mbao kuanzia chini hadi nilipofika, na kwenye usawa wa goti sauti ikageuka, kutoka nzito ikawa ya ngoma. Mchwa walikuwa wameshafika ndani. Nilimweleza mama mwenye duka kwamba mpandaji wangu hatafungwa kwenye shina kama hilo, kwamba nyaya hazikaribiwi mpaka SNEL, shirika la umeme, wakate umeme na kunipa hakika, na kwamba mti wa barabarani si wake wala wangu, kwa hiyo inahitajika karatasi ya wakuu wa mji. Alisema kuna watu wa kuufanya kesho kwa nusu ya bei. Najua wapo. Kukataa huku kunanigharimu pesa kila mwezi wa Oktoba, na sijapata njia ya kukataa inayomfurahisha mteja.

Saa kumi na moja jioni tulikuwa nyumbani. Vigogo vya mwembe vilibaki kwa mzee, na matawi ya katikati alikuwa ameyachukua mchoma makaa wa jirani. Niliwalipa watu wangu, mpandaji zaidi ya wengine, kisha nikaketi na tupa kunoa minyororo, jino kwa jino, idadi ileile ya misukumo kila upande, kwa sababu upande mmoja ukiwa mkali kuliko mwingine msumeno hukata kwa kupinda. Mashine ikitoa unga badala ya chenga, mnyororo umeshakuwa butu.

Giza lilikuwa linaingia nilipogundua kwamba yule kijana wa kwanza hajaondoka. Alikuwa ameketi juu ya ndoo, akikunja kamba kubwa ya kupandia huku akiipitisha kiganjani kama alivyomwona mwenzake akifanya asubuhi. Akasimama. «Mama, hapa.» Niliishika: ganda la nje lilikuwa limekatika nyuzi kadhaa, na kiini cheupe kilionekana. Pembe ya bati la yule mzee. Mpandaji mkubwa aliitumia hivyo hivyo mchana kutwa, na mimi nilikuwa chini yake nikishughulika na kabureta. Nilichukua kisu nikaikata pale pale katikati, ili asitokee mtu wa kuifunga tena kiunoni, na kijana akaniuliza kama vipande viwili vinaweza kumfaa kujifunzia lile fundo. Nikampa kimoja.