Megabaiti Tatu za Mzee

Mwaka 1995 niliitwa kwenye duka moja la spea za magari, mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam. Mzee mwenye duka alikuwa amefura. Kompyuta yake, ya prosesa 386, ilikuja na memori ya megabaiti 1. Akaambiwa haitoshi, akanunua chipu hadi zikafika 4, lakini programu ya stoo bado ikagoma kupokea spea zaidi ya 500. Aliyeiandika kwa Turbo Pascal, lugha ya kuandikia programu, alishahama mji.

"Kijana, huyu wa chipu kaniingiza mjini."

"Subiri kwanza, Mzee."

Nikapiga MEM, amri ya kuonyesha memori. Megabaiti zote 4 zilikuwepo. Tatizo ni kwamba DOS, mfumo ulioendesha kompyuta hiyo, ilizaliwa na prosesa 8088, ambayo mwisho wake ni memori ya megabaiti 1, na kwenye PC ya IBM ya 1981 programu ziliachiwa kilobaiti 640 za chini. Zilizobaki 384 zikawa za skrini, BIOS (programu ya kuwashia kompyuta) na kadi. Memori iliyo juu ya hapo programu ya kawaida haiioni.

Kulikuwa na la pili, na ndilo lililokuwa linaua duka. Turbo Pascal huweka vigeu vyote vya jumla, yaani data inayotumiwa na programu nzima, kwenye segmenti (kipande cha memori) moja, isiyovuka baiti 65,520. Rekodi ya spea moja ilikula baiti 120. Gawa: 546, na vigeu vingine navyo vinataka nafasi, ndiyo maana iliishia 500, hata ununue chipu za Kariakoo nzima.

"Yaani mali ipo stoo, muuzaji hana ufunguo," Mzee akasema.

"Hapo hapo, Mzee."

Nikaitoa ile safu ya rekodi, nikaweka safu ya pointa 3,000, yaani anwani za mahali rekodi zilipo. Pointa moja ni baiti 4, kwa hiyo zote 12,000 tu. Rekodi zenyewe nikaziombea nafasi kwa amri ya New kwenye hipu, yaani memori iliyobaki huru ndani ya zile 640. Spea ikifutwa, Dispose inarudisha nafasi yake. Kabla ya kila New programu inauliza MaxAvail kama nafasi ipo, maana hipu ikijaa inakufa na kosa 203, na dada wa kaunta 203 atamwambia nani? Kwenye CONFIG.SYS, faili la mipangilio ya DOS, nikaongeza HIMEM.SYS, inayofungua memori ya juu, na DOS=HIGH, DOS ikahamia juu kidogo ya megabaiti 1 na kuiachia hipu nafasi.

Dada akaingiza spea ya 501, beringi ya Land Rover. Ikakubali.

"Na megabaiti zangu tatu zinafanya nini?"

Nikampa SMARTDRV, programu ndogo ya DOS, zikawa akiba ya kusomea diski, na kutafuta spea kukawa chapuchapu. Mzee hakuridhika. Jioni ile ile alimfuata yule wa chipu kudai punguzo.