Jino Lisilo na Kwao

Kisumu, Jumapili usiku, Novemba

Leo nimeuosha ule mkebe wa Blue Band, nikaukausha na kuupanga jikoni pamoja na mikebe ya chumvi na majani ya chai. Ulikuwa umekaa mtupu juu ya kabati tangu Februari. Nilishindwa kuutia kitu kingine, kwa sababu kwa wiki nane ulikuwa nyumba ya jino.

Kwetu ni Koru, huku magharibi ya Kenya. Nimekulia katika vumbi jeupe la machimbo ya chokaa linalotua juu ya majani ya miwa, na mlima Tinderet nimeuona kila siku ya utoto wangu bila kuuliza ulitoka wapi. Nilikuwa na miaka 34 nilipojua kwamba ni volkeno iliyozimika, na kwamba mwaka 1926 mlowezi mmoja, H. L. Gordon, alikuta mifupa iliyogeuka mawe ndani ya chokaa ya Koru. Mifupa ile ilipelekwa London, na mwaka 1933 mtaalamu Arthur Hopwood akampa mnyama wake jina la Proconsul africanus, nyani mkubwa asiye na mkia aliyeishi hapo kwetu karibu miaka milioni 20 iliyopita. Nilisoma habari hiyo usiku mmoja kwenye simu, nikakaa kitandani hadi saa nane. Nilifurahi, na pia nikaumia. Miaka yote ile ya shule, tukikariri majina ya mito ya nchi za mbali, na hakuna aliyetuonyesha kidole chini ya miguu yetu wenyewe.

Basi Krismasi iliyopita nilipoenda nyumbani nilikuwa na macho mengine. Nyuma ya shamba la baba mdogo kuna korongo ambalo mvua hulila kila msimu. Siku ya tatu, asubuhi mapema, nililiona jino. Lilikuwa dogo kama punje ya haragwe, rangi yake ya chai ya rangi iliyokolea. Nilipolilowesha kwa mate, ganda lake la juu liling'aa kama limepakwa mafuta, na pale juu pa kutafunia palikuwa na vilima vinne vidogo, kila kimoja kimejipinda kama mwezi mwandamo. Kwa udogo wake, lilikuwa zito kuliko jino lolote nililowahi kushika. Moyo ulinidunda nikashindwa hata kumwita mtu. Nikalitia mfukoni.

Hilo la mfukoni ndilo ninaloandikia leo.

Huku mjini nililiosha kwa mswaki, nikalilaza juu ya pamba ndani ya mkebe. Kila nikitoka kazini nilikuwa nalifungua na kulitazama kabla sijavua viatu. Nilikuwa nimeanza ukusanyaji, au ndivyo nilivyodhani. Nilishapanga moyoni rafu ya mbao, vibandiko, taa ndogo. Nilikuwa nimesoma habari za Lyme Regis kule Uingereza, mahali alipofanyia kazi Mary Anning, mwanamke mkusanyaji maarufu, miaka mia mbili iliyopita, ambako hadi leo watu hutembea ufukweni wakiokota visukuku, yaani mabaki ya viumbe vya kale yaliyogeuka mawe, na kwenda navyo nyumbani. Nikajiona mmoja wao.

Februari nikalipeleka jino kwa afisa mmoja wa makavazi. Alikuwa mtu mpole, mwenye mvi, anayezungumza polepole. Alilishika kwa ncha za vidole, akalisogeza dirishani, akachukua lenzi. Niliuona uso wake ukichangamka. Akaniambia, "Dada, hili ni gego. Nadhani ni la Dorcatherium, mnyama mdogo kama paa, jamii ya wale ambao siku hizi wamebaki misitu ya Afrika ya kati na magharibi, na ya Asia ya kusini na kusini-mashariki tu." Halafu akaliweka mezani na kuniuliza, "Na kwao ni wapi?"

Nikasema Koru.

"Koru ni kubwa. Kwao hasa ni wapi? Lilikuwa limeshikwa na mwamba au limelala juu ya mchanga? Upande upi wa korongo? Tabaka lile la juu lilikuwa na rangi gani? Kulikuwa na mifupa mingine karibu?"

Sikuwa na jibu hata moja. Nilikuwa nimeangalia jino tu. Nilirudi Koru wiki iliyofuata kutafuta mahali penyewe, lakini ng'ombe walikuwa wamepita na kupita, ukingo umemomonyoka, na kila kona ya korongo ilifanana na nyingine. Afisa aliandika kadi kwa mkono wake: Koru, mahali hapajulikani. Nimeiona kadi hiyo mara nyingi usingizini.

Kwetu mtu akija na mgeni, hata kabla ya jina huulizwa: kwao ni wapi, wa nani, alipitia wapi. Si udadisi. Ndivyo tunavyojua namna ya kumpokea. Jino lile nililing'oa kwenye ukoo wake. Lingekuwa limebaki pale, mtu anayejua kusoma miamba angeweza kusema lilikuwa chini ya jivu gani la Tinderet, na jivu la volkeno hupimwa umri. Angeweza kusema kama palikuwa na msitu au maji, na nani mwingine alikufa hapo jirani. Sasa ni jino zuri tu.

Yule mzee hakunikaripia. Alinieleza sheria kwa utulivu: tangu Sheria ya Makavazi na Turathi ya mwaka 2006, na hata kabla yake, visukuku vya nchi hii ni mali ya umma. Huchimbi, huondoi, husafirishi bila kibali. Ukikuta kitu, unatoa taarifa. Nimesikia watu wakisema kwamba kwa sheria hiyo Mkenya wa kawaida hawezi kuwa na mapenzi haya. Mimi sikubaliani nao kabisa. Kule ufukweni Lyme Regis bahari ingevisaga visukuku kama watu wasingeviokota. Huku kwetu kinachovipoteza zaidi ni mikono kama yangu ya Desemba.

Kilichonifundisha thamani ya kadi kuliko kitu chochote ni habari ya Simbakubwa. Mwaka 2019 watafiti Matthew Borths na Nancy Stevens walitangaza mnyama mpya kutoka Meswa Bridge, huku huku magharibi: mla nyama mkubwa kuliko simba wa leo, wa jamii iliyokwisha kutoweka, asiye na undugu wa karibu na simba wala fisi. Taya na meno yake yalikuwa yamekaa miongo kadhaa kwenye droo ya makavazi ya Nairobi. Walimwita Simbakubwa kutokaafrika. Mwalimu wangu wa Kiswahili angedai "simba mkubwa", lakini mimi nilipolisoma jina hilo machozi yalinilengalenga. Walioyaokota meno yale waliandika yalikotoka, na kwa hiyo hata baada ya miaka yote ile kwenye droo yaliweza kusema: tuna miaka milioni 22 hivi, na kwetu ni Meswa Bridge.

Basi nilianza upya, safari hii kwa mifupa ya leo. Hili ndilo shauri alilonipa mzee wa makavazi, na ningempa mtu yeyote anayetaka kuanza: huwezi kumtambua wa kale kama humjui wa sasa. Nikaomba kichwa cha mbuzi buchani. Nikakichemsha kutwa, nikalitoa taya la chini, nikalisugua, nikalianika. Na pale kwenye magego ya mbuzi nikaikuta miezi ileile iliyojipinda! Nilikaa nikiizungusha taya ile mkononi, nikielewa kwa mara ya kwanza kwa nini yule mzee alisema "paa" mara tu alipotumia lenzi. Baadaye nikaweka mgongo wa ngege, fuvu la mumi lenye mikwaruzo na vinundu juu yake, mguu wa kuku. Na kamongo. Meno ya kamongo si meno ya kawaida, ni mabamba yenye matuta makali yaliyotandaa kama unyayo wa bata, na ukoo wa samaki huyo umekuwepo duniani tangu kabla ya dinosau. Sasa nina boksi la viatu lililojaa, kila mfupa na karatasi yake: nani, sokoni wapi, tarehe gani. Hakuna sheria inayonizuia kukusanya hiyo.

Agosti nilichukua likizo ya siku nne, nikavuka kwa feri kutoka Luanda Kotieno hadi Mbita, nikapanda boda hadi Rusinga. Nilitaka kuona kisiwa ambako mwaka 1948 mtafiti Mary Leakey alikuta fuvu la nyani mkubwa wa kale. Mnyama yule siku hizi anaitwa Ekembo heseloni. Ekembo ni neno la Kisuba, la wenyeji wenyewe, na heseloni ni kwa heshima ya Heselon Mukiri, Mkenya aliyefanya kazi na Louis Leakey, mume wa Mary, miaka mingi. Nikamwomba mzee mmoja wa kisiwani, aliyewahi kusaidia wachimbaji wenye vibali, anitembeze.

Alitembea kwanza upande wa jua. Asubuhi, aliniambia, kivuli ndicho kinachokuonyesha. Saa sita mchana kila kitu ni jiwe. "Nyara," akasema, yaani binti yangu kwa Kijaluo, "usitafute mfupa. Tazama mawe hadi uyazoee, halafu lile lisilo lao litakuita lenyewe." Akanionyesha mfupa uliovunjika na vitundu vyake vya ndani kama mkate, na bonge la chokaa ambalo lilinidanganya mara mbili. Akanieleza kuhusu mlima Kisingiri, jinsi ulivyomwaga majivu miaka milioni 18 iliyopita, majivu yenye chokaa nyingi hata mifupa haikuliwa na tindikali ya udongo. Ndiyo maana Rusinga ina hata mbegu, matunda na wadudu. Kiwavi, mwili mtupu usio na mfupa, umehifadhika!

Karibu saa nne niliona konokono. Alikuwa amejitokeza nusu kutoka kwenye tabaka la kijivu, mkubwa kama ukucha wa gumba, mizunguko yote mizima, anafanana na wale wanaokula sukuma wiki ya mama yangu. Nilipiga magoti. Mkono wangu ulianza kwenda wenyewe, nikaurudisha. Nikaweka sarafu ya shilingi 10 kando yake, nikapiga picha ya karibu, ya hatua mbili, ya hatua kumi, na moja ya kilima chote. Nikahifadhi alama ya ramani kwenye simu. Nikachora tabaka kwenye daftari, rangi zake, na konokono alipo kutoka juu. Ilichukua karibu saa nzima. Mzee alikaa chini ya mti akinisubiri bila kuharakisha. Nilipoinuka, konokono alibaki pale pale na mimi niliondoka naye kwenye kurasa tatu.

Leo jioni, nikiwa bado na mkebe mkononi, mama alipiga simu. Mvua imenyesha Koru usiku kucha, ukingo wa juu wa korongo la baba mdogo umeanguka. Watoto wamekwenda kuangalia, na mmoja amerudi akisema kuna kitu cheupe kimechomoza ukutani, kirefu kama kidole.

"Sijakigusa," mama akasema. "Nimewakataza na watoto. Baba yako mdogo amezungushia miiba ng'ombe wasipite. Njoo na daftari lako, na umpigie yule mzee wa makavazi."

Nimeshampigia. Matatu ya kwanza ni saa kumi na moja na nusu.