Baiskeli, chaki na madumu mawili: kani na mwendo kwenye lami ya Tanga

Baiskeli Tanga hazihesabiki. Anzia kwenye zile barabara za namba za Ngamiani mpaka Raskazone, utazikuta zimebeba nazi, mkaa, mikate, watu na madumu ya maji. Halafu mwanafunzi wa kidato cha pili anakariri sheria za mwendo za Isaac Newton, zilizochapishwa mwaka 1687, kwa kigari cha maabara ambacho shule yake haina. Kwa maoni yangu breki ya baiskeli inaifundisha sheria ya pili (kani ni tungamo la kitu mara mchapuko wake, yaani kasi inavyobadilika kila sekunde) vizuri kuliko hicho kigari, kwa sababu inamlazimisha mtu ajibu swali ambalo wengi hulijibu kwa haraka: mzigo ukiongezeka, je, baiskeli inachukua umbali mrefu zaidi kusimama?

Tafuta lami kavu, tambarare, isiyopitwa na magari. Chora mstari wa chaki, pima mita 20 kwa futi ya mafundi, chora wa pili. Mwendeshaji aufikie mstari wa kwanza akiwa tayari na mwendo usiobadilika, aushike hivyohivyo hadi wa pili, na hapo afunge breki. Mwenzake awe pembeni na simu akirekodi video. Saa ya kubonyeza kwa kidole haifai sana: ukikosea sekunde 0.4 katika sekunde 4, hilo ni kosa la asilimia 10 kwenye kasi, na kwa kuwa hesabu inatumia kasi mara kasi, jibu litapotoka kwa takribani asilimia 20. Video ya picha 30 kwa sekunde inakupa hatua za sekunde 0.033 tu.

Usimwambie mtu apige kelele "funga!" Mwendeshaji akisubiri sauti, huchelewa kama sekunde 0.7 kabla vidole havijabana, na kwa kasi ya mita 5 kwa sekunde hizo ni mita 3.5 ambazo breki haijafanya kazi yoyote. Mwache auone mstari mwenyewe na ajipange.

Sasa hesabu. Mita 20 kwa sekunde 4 ni mita 5 kwa sekunde, yaani kilomita 18 kwa saa (ukitaka kugeuza kilomita kwa saa kuwa mita kwa sekunde, gawanya kwa 3.6, hapa ndipo nusu ya darasa hupotea). Tuseme amesimama baada ya mita 4. Kasi mara kasi ni 25. Gawanya kwa mara mbili ya umbali, yaani 8, unapata mchapuko wa 3.1, nao ni hasi maana kasi inapungua. Baiskeli ya kilo 20 na mtu wa kilo 60 ni tungamo la kilo 80. Zidisha: kani ya kusimamisha ni nyutoni 250. Angalia kwamba nimezidisha kwa kilo 80, si kwa uzito wa nyutoni 800. Anayetumia 800 hapa atapata kani ya kusimamisha lori.

Kisha funga madumu mawili ya lita 20 kwenye keria, moja kila upande, kwa mipira ya tyubu chakavu. Maji yanakuondolea shida ya mizani: lita moja ni kilo moja. Yajaze hadi shingoni, kwani dumu la nusu huchezesha maji na kuyumbisha baiskeli. Tungamo sasa ni kilo 120. Kama breki inatoa kani ileile ya nyutoni 250, mchapuko unashuka hadi 2.1 na umbali unafika mita 6. Muuza maji mwenye madumu manne yuko kwenye kilo 160, naye anahitaji mita 8. Akikimbia kwa mita 10 kwa sekunde, ni mita 32. Hayo manne wanafunzi wayahesabu kwa kalamu tu, wasiyaendeshe.

Lakini kuna mtego. Hesabu hiyo inasimama pale tu ambapo kinachozuia ni raba za breki kwenye ringi. Kani yake inategemea nguvu ya vidole na hali ya raba, haijui keria imebeba nini. Tairi likigoma kuzunguka na kuserereka kwenye lami, mambo yanabadilika: msuguano wa tairi unakua pamoja na uzito linaoubeba. Magurudumu yote mawili yakiserereka, mzigo ukiongeza tungamo mara mbili unaongeza na msuguano mara mbili, na umbali unabaki uleule. Majibu mawili tofauti, yote sahihi, na mtihani mara nyingi hausemi ni lipi linaulizwa.

Mzigo wa nyuma ndio unaowachanganya watu zaidi. Baiskeli tupu ukibana breki ya nyuma, tairi la nyuma huserereka kirahisi, kwa sababu kufunga breki kunahamishia uzito mbele. Weka madumu kwenye keria na tairi hilohilo linang'ang'ania lami vizuri. Mwendeshaji anaona haserereki, anadhani breki imekuwa nzuri, kumbe ndiyo kwanza inazidiwa.

Jaribio la pili ni la kuachia tu: mwendo ni uleule, breki haiguswi, pedali hazikanyagwi, unapima baiskeli imekwenda wapi hadi kusimama. Mita 90 zinakupa mchapuko wa 0.139 na kani ya wastani ya nyutoni 11. Wakati huo hakuna kani yoyote inayoisukuma mbele. Wanafunzi wengi huchora mshale wa mbele na kuuita "kani ya mwendo", ufuteni. Mishale ya ulalo ni ya nyuma tu: msukumo wa hewa, tairi linalobonyea, na gololi zilizokauka grisi. Jaza upepo vizuri kwanza, maana tairi laini linaharibu vipimo vyote.

Hapa mteremko usioonekana kwa macho ni adui. Nusu mita ndani ya mita 100 inatosha kutoa nyutoni 4 kwa kilo 80. Kuelekea chini utapata mita 140, kurudi mita 66. Ukichukua wastani wa umbali unapata 103, ambao si kweli. Tafuta mchapuko wa kila upande kwanza, 0.089 na 0.189, kisha wastani wake: 0.139, na umerudi kwenye mita 90. Upepo wa bahari nao haudanganyiki, uwe wa kusi au wa kaskazi. Fanya kazi hii asubuhi mapema kabla haujachangamka.

Mwisho chora grafu ya umbali wa kufunga breki dhidi ya tungamo: mtu peke yake, dumu moja mgongoni mwa keria, madumu mawili. Nukta zikipanga mstari unaoelekea sifuri, raba ndizo zilizokuwa zikizuia. Mstari ukilala, matairi yote mawili yaliserereka, na alama nyeusi zitakuwepo kwenye lami. Nukta ya madumu mawili ikiruka juu ya mstari, kagua ringi: dumu likivuja, maji yanalainisha raba na mizunguko ya kwanza ya gurudumu inaishia kuyafuta tu. Kausha kwa kitambaa, rudia.